Maswali ya Wasomaji: Ukuta Usiokwisha Kuchorwa

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinazunguka jambo moja: mtaa au shule inawezaje kuwa na mchoro wa ukutani ambao watu wake wataendelea kuugeuza mwaka baada ya mwaka, badala ya picha inayochorwa siku moja kwa shangwe kisha ikaachwa ibabuke? Tumezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

*

Sisi ni kikundi cha vijana wa Langoni, Lamu. Tulipaka ukuta wa nyumba ya zamani rangi ya maji ya dukani, tukachora jahazi na minazi. Haukutimia mwaka, rangi ikafura na kuanguka vipande vipande, hasa upande wa chini. Mwenye nyumba sasa hataki kutusikia. Tulikosea wapi? Tunaweza kuanza upya?

Kosa liko kwenye ndoa ya rangi na ukuta. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji, yawe ya ardhini, ya mvua au ya mfereji unaovuja, kisha huyatoa tena kupitia usoni mwake. Huo ndio uhai wake. Rangi ya maji ya dukani ikishakauka huwa ngozi ya plastiki. Maji yakifika nyuma ya ngozi hiyo hukwama, na chumvi iliyomo ndani ya matumbawe, au iliyoletwa na mchanga wa ufuoni uliotumiwa kwenye plasta, huganda pale pale na kuisukuma rangi nje. Ndiyo sababu mliona uvimbe, kisha unga mweupe, kisha kubabuka. Na ilianzia chini kwa kuwa mita moja ya kwanza ndiyo inayopokea unyevu unaopanda kutoka ardhini, tena punda hujisugua hapo hapo kila siku. Rangi ya mafuta ingefanya vibaya zaidi. Na yeyote atakayewashauri mfunike ukuta huo kwa plasta ya saruji "ili uwe imara", msimsikilize kabisa: saruji huzuia pumzi ya ukuta, na jiwe huoza ndani bila kuonekana.

Kabla ya rangi kuna idhini. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo uso wa nje wa nyumba zake si wa kuguswa kwa ruhusa ya mwenye nyumba peke yake. Nendeni ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini mkiwa na mchoro wenu kwenye karatasi, vipimo, na jina la kitu mtakachopaka. Nyumba ikiwa ya wakfu, mwenye sauti ni msimamizi wa wakfu, si mpangaji anayeishi ndani. Liandikeni hilo mapema. Miradi mingi hufa kwa sababu aliyetoa ruhusa hakuwa na ruhusa ya kutoa.

Maoni yetu ni kwamba ukuta wa kale wa matumbawe usibebe picha. Uacheni mweupe. Lakini mkiruhusiwa, na mwenye nyumba alikuwa anataka kuupaka chokaa hata hivyo, basi pakeni chokaa yenye rangi. Sugueni rangi ya zamani kwa brashi ya waya mpaka jiwe au plasta ya chokaa ionekane. Unga wa chumvi ufagieni ukiwa mkavu na muutupe mbali. Mkiuosha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani. Chukueni chokaa iliyozimwa na kulazwa kwenye maji kwa wiki mbili au zaidi, ikiwa laini kama siagi. Ndoo moja ya chokaa hiyo kwa ndoo mbili hivi za maji baridi, chujeni kwa kitambaa, ipatikane kama maziwa. Maji yawe matamu. Ya kisima cha chumvi yatawarudisha pale pale mlipotoka. Loanisheni ukuta, pakeni nyembamba sana, ngojeni siku nzima, rudieni mara nne au tano. Mkipaka nzito mara moja ili kuokoa muda, itachubuka kama ganda la yai. Mkipaka juani, itabaki unga na kushika nguo za wapita njia.

Rangi za kutia ndani yake ni zile zinazostahimili ukali wa chokaa: nyekundu na manjano za udongo, nyeusi, na buluu ya kufulia iliyo halisi. Rangi isizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa kwa uzito, la sivyo haishiki. Ilowekeni kwenye maji usiku kucha. Kumbukeni kwamba ikikauka itapauka sana kuliko ilivyo kwenye ndoo, kwa hiyo jaribuni kwanza kwenye jiwe la pembeni na mngoje siku mbili. Na anayezima chokaa mbichi avae miwani na glavu, ndoo ya maji safi iwe karibu: chokaa huchemka inapozimwa, na tone moja jichoni ni jambo la hospitali.

Njia inayotupendeza zaidi kwa Lamu ni mbao za kutundika. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12 huuzwa kwa vipande vya mita 1.2 kwa 2.4, kateni katikati mpate miraba miwili ya mita 1.2. Pakeni praima, yaani rangi ya msingi ya kwanza, pande zote mbili na, zaidi ya yote, kwenye kingo, kwa kuwa maji huingilia pale panapoonekana matabaka ya mbao. Itundikeni kwenye jengo jipya au kwenye fremu inayosimama yenyewe, ikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite. Skurubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hazimalizi mwaka kwenye hewa ya bahari bila kulia machozi mekundu juu ya picha yenu. Uzuri wake ni kwamba ubao mmoja unaweza kushushwa na kupelekwa uani. Akina mama na mabinti ambao hawapendi kusimama njiani wakichora watauchora nyumbani kwa nafasi yao. Wazee watachora wakiwa wamekaa barazani. Kisha ubao unarudi mahali pake. Mchoro unabadilika ubao mmoja mmoja, na hakuna jiwe la zamani lililoumia.

*

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Malindi. Tuna ukuta mpya wa bloku za saruji, urefu mita 20, kimo mita 2.5, uliopigwa plasta wiki mbili zilizopita. Tungependa kila mwaka darasa linaloondoka liache kazi yake hapo. Tununue nini, kiasi gani, na tuanze lini?

Mwalimu, usianze bado. Plasta ya saruji inahitaji siku 28 angalau, na kwenye unyevu wa pwani zaidi ya hapo, kabla ya kupokea rangi. Kabla ya hapo ukali wa saruji hula rangi na kuacha mabaka. Siku hizo zikiisha, bandika kipande cha plastiki cha nusu mita kwa nusu mita kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikibandua ukakuta matone nyuma yake, ukuta bado una maji. Ngoja wiki nyingine, ujaribu tena mahali pengine, hasa karibu na ardhi.

Sasa gawa ukuta. Sentimita 50 za chini zisichorwe. Masika yatarusha udongo mwekundu mpaka hapo, na miguu ya watoto pia. Paka mkanda wa rangi ya udongo unaoweza kurudiwa kila mwaka bila kugusa picha. Zinabaki mita 20 kwa mita 2. Zigawe miraba kumi ya mita 2 kwa 2 na uipe namba.

Kila mwaka badilisheni miraba miwili tu: mwaka wa kwanza wa mzunguko mraba namba 1 na namba 6, unaofuata namba 2 na namba 7, kisha 3 na 8, 4 na 9, 5 na 10. Kila mraba unaishi miaka mitano. Tumechagua mitano kwa sababu rangi nzuri ya nje ya maji, kwa jua la Malindi, huanza kuchoka karibu na muda huo. Maana yake mabadiliko yenu ndiyo matengenezo yenu. Ukuta unaobadilishwa wote kwa mkupuo huchosha watu na mfuko. Ule usiobadilishwa kabisa unazeeka wote kwa pamoja, na siku moja mtu anaamua kuupaka mweupe.

Ili miraba ya miaka mbalimbali isionekane kama matangazo yaliyobandikwa ovyo, wekeni sheria moja isiyobadilika. Kwa mfano mstari wa pwani: mstari mmoja unaoingia kila mraba na kutoka nje yake kwenye kimo cha mita 1.2 kutoka ardhini. Ndani ya mraba mstari unaweza kuwa wimbi, paa la makuti, mgongo wa nyangumi, barabara ya kwenda Gede au uzi wa mshonaji. Ukingoni lazima urudi kwenye kimo kile. Darasa jipya linapokea mstari kutoka kwa jirani na kuukabidhi kwa jirani. Hiyo ndiyo kazi inayofanya mchoro uwe mmoja, na watoto huielewa haraka kuliko watu wazima.

Vipimo vya mwaka wa kwanza, mkipaka ukuta wote. Plasta mpya hunywa, kwa hiyo hesabu mita 8 za mraba kwa lita ya praima inayostahimili ukali wa saruji: mita 50 za mraba zinataka lita 6 na kidogo, nunua makopo mawili ya lita 4. Rangi nyeupe ya nje mara mbili juu ya mita 40 za mraba, kwa mita 10 kwa lita, ni lita 8. Mkanda wa chini lita 2. Rangi za picha ni takriban lita 1 kwa kila mraba kwa jumla ya rangi zote. Usinunue rangi ishirini. Nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, buluu, kijani na nyeusi, pamoja na nyeupe ya kuzipunguzia ukali, zinatosha kutoa karibu kila kitu. Miaka inayofuata, kwa miraba miwili, hesabu ni ndogo: lita 1 ya praima, lita 2 za nyeupe, lita 2 za rangi. Lita tano kwa mwaka. Kamati ya wazazi inaweza kuubeba mzigo huo bila kumngoja mfadhili, na ndiyo maana tunauhimiza ukubwa huu.

Kuhusu majira: masika ya Aprili hadi Juni hayafai, na vuli ya Oktoba na Novemba inahatarisha. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, ndio ukavu wa uhakika. Lakini darasa linaloondoka litakuwa limeshaondoka, kwa hiyo chagueni Agosti au Septemba, na muwe na turubai la kuzuia mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi. Ukuta unaotazama mashariki pakeni alasiri, unaotazama magharibi pakeni asubuhi baada ya umande kukauka, kuanzia saa mbili na nusu hivi. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta wa moto hukauka kabla ya kushika.

Mchoro wenyewe uchorwe kwanza karatasini kwa kipimo cha 1 kwa 10, mraba wa sentimita 20. Pigeni miraba midogo ya sentimita 2 karatasini, na ya sentimita 20 ukutani kwa uzi wa fundi uliopakwa chaki na pima maji. Kisha kila mtoto ananakili kijimraba kimoja. Usitumie kalamu ya wino kuchora mistari ya kwanza. Wino huchomoza juu ya rangi nyeupe hata ukiupaka mara tatu. Chaki inatosha.

Mzunguko wa pili ndipo wengi wanapojikwaa. Ukipaka praima, nyeupe na picha, umeongeza matabaka manne au matano. Baada ya mizunguko mitatu una ngozi nene inayoshikiliwa na tabaka la kwanza pekee, na likilegea zote zinaanguka. Kwa hiyo kabla ya kufunika mraba wa zamani, kata alama ya X kwa wembe hadi kwenye plasta, bandika utepe wenye gundi kali, sugua, uuvute kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, kwangua mraba wote. Isipotoka, isugue kwa msasa mpaka mng'ao uishe, ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha praima. Ukuta ukiwa wa zamani na hujui ulipakwa nini, usisugue mkavu mbele ya watoto. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Lowesha kwanza, na kazi hiyo ifanywe na watu wazima waliofunika pua.

*

Hapa mtaani kwetu, Malindi, kila mtu anataka kushika brashi. Tulijaribu watu mia siku moja ikawa fujo. Tufanyeje?

Mtu mmoja anahitaji mita moja ya ukuta. Miraba miwili ya mita 2 ni mita 4, basi ni watu wanne, mkibanana watano. Wapeni dakika 20 kila kundi: ni watu 15 kwa saa, 60 kwa asubuhi moja mkifanya kazi kwa muda wa saa nne. Wengine arobaini waje kesho. Mistari iwe imeshachorwa na kila sehemu iandikwe namba kwa chaki. Vikombe vyenye namba hizo hizo vijazwe theluthi tu, kwa kuwa kikombe kilichojaa ndicho kinachomwagika. Kikombe kimoja, brashi moja, na brashi isihame kikombe. Kingo na nyuso ziachiwe mikono miwili mitatu iliyozoea, siku ya mwisho. Maji ya kusuuzia brashi yamwagwe shimoni mbali na kisima, yasiende kwenye mtaro unaoelekea baharini.

Kwa wanaotaka kusema jambo kila siku, tengeni sehemu ya chaki. Mwaka 2011 msanii Candy Chang aligeuza ukuta wa nyumba tupu huko New Orleans, Marekani, kuwa ubao mweusi, akaandika mwanzo wa sentensi na kuwaachia wapita njia waimalizie kwa chaki, na mtindo huo umefika nchi nyingi. Rangi ya ubao wa shule inatosha kwa kazi hiyo. Mwanzo wa sentensi uandikwe kwa rangi isiyofutika, kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, na uulize jambo lenye majibu mengi. Chaki ikae kwenye kopo lililofungwa kwa kamba, na mtu maalumu asome majibu kila Ijumaa kabla ya kufuta. Yanayorudiarudia ndiyo mada ya mraba wa mwaka ujao.

*

Ni mzee wa mtaa hapa Lamu. Vijana wanataka kuchora karibu na msikiti. Sisi hatupendi sura za watu na wanyama hapo. Tuwakataze?

Mzee wetu, shikamoo. Huna haja ya kuwakataza. Waonyeshe kazi iliyoko tayari mikononi mwa watu wa Lamu. Milango ya kuchongwa ina maua ya duara na minyororo ya pembeni. Ndani ya nyumba kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi za chokaa. Na kuna mkeka. Ukili, yaani utepe wa majani, husukwa peke yake, kisha kili zinashonwa pamoja ziwe mkeka, na mchoro wake wote ni wa vijimraba ambao hata mtoto anaweza kuuhesabu. Kila nyumba ipewe ukili mmoja wa kuchora ukutani, sentimita 15 kwa mita 2, ichague rangi zake na msuko wake. Mwaka unaofuata kili mpya zinashonewa ubavuni. Huo ni mchoro unaokua bila kumfuta mtu.

Tunasisitiza jambo moja: aya za Kurani zisiandikwe kwenye ukuta wa njiani. Utarushiwa maji ya mtaro, utaegemewa na punda, na ipo siku itabidi upakwe upya. Methali au beti la shairi linatosha, na liandikwe juu ya kimo cha kifua.

Vijana wakitaka siku ya kuchora iwe ya Maulidi kwa kuwa mji umejaa, waambie wafanye uzinduzi siku hizo, si upakaji. Mwezi wa Maulidi, Mfungo Sita, husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 2030 utaangukia masika.

*

Mraba wetu wa kwanza umetimiza miaka mitano lakini watu wanaupenda, hawataki ufunikwe. Na mwanasiasa mmoja amejitolea rangi zote. Malindi.

Kwa la pili, kataeni kwa adabu. Rangi hizo zitakuja na rangi ya chama, na baada ya uchaguzi mshindi mpya atataka kuzifunika. Pokeeni mchango wa fedha kwenye akaunti ya kikundi bila jina ukutani, au msipokee.

La kwanza lina njia mbili. Mnaweza kuongeza urefu. Ule mchoro mkubwa wa Los Angeles ulioanzishwa na msanii Judy Baca mwaka 1976 kwenye kingo za mfereji wa mafuriko ulirefushwa kiangazi baada ya kiangazi, vijana wa mji wakiuchora, hadi mwaka 1983 ukafika mita 840 hivi. Aliye na ukuta mrefu asifunike. Asiye nao afungue dirisha: kabla ya kupaka praima, funikeni kwa utepe mraba wa sentimita 30 kwenye kona ya juu kushoto ya picha ya zamani. Pakeni mengine yote. Mkiondoa utepe, dirisha linabaki likionyesha mkono wa waliotangulia. Lipakeni vanishi isiyong'aa, hilo tu. Vanishi juu ya mraba mzima itafanya rangi ya mzunguko ujao isishike. Mzunguko wa tatu dirisha linawekwa kando ya la kwanza. Baada ya miaka ishirini juu ya kila mraba mtakuwa na safu ya vijidirisha, na mtu atasoma umri wa ukuta kama anavyosoma pete za mti.

Kabla ya kufunika, pigeni picha kutoka mahali pale pale kila mara. Pakeni alama ya rangi ardhini ili mpiga picha ajue pa kusimama. Na muwe na daftari mbili zinazofanana, moja shuleni au kwa mzee wa mtaa, nyingine kwa kikundi: tarehe, aina na namba ya kila rangi kama ilivyo kwenye kopo, mchanganyiko uliotumika, na majina ya waliochora. Kamati ya watu saba inatosha, wawili wakiondoka na wawili wakiingia kila mwaka. Wakiondoka wote pamoja, daftari huondoka nao.

*

Kwa nini rangi yetu ya waridi ukutani iligeuka nyeupe ndani ya miezi minane?

Rangi nyingi za kung'aa sana, hasa waridi na machungwa ya kumeremeta, haziwezi jua. Changanyeni nyekundu ya udongo na nyeupe, na kama mnataka ukali zaidi, ipakeni mara tatu juu ya nyeupe safi badala ya kuongeza rangi kali ya kuchanganyia inayouzwa kwa chupa ndogo. Mahali palipopauka pasugueni kwa msasa laini kwanza. Unga ule mweupe unaoshika kidole ni rangi iliyokufa, na rangi mpya haitashika juu yake.